Uzi wa Mama na Usubi wa Kigobe

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na upepo ukatulia, watu wa Kigobe huanza kujipiga makofi miguuni. Kigobe ni sehemu ile ya mji wa Bujumbura ambamo Bunge la Burundi hukutana. Wanaopigwa makofi si mbu. Mbu hutangulia kupiga mbiu kabla ya kuuma. Huyu haji na sauti. Ni kijidudu cha milimita moja hadi tatu, chenye rangi ya vumbi. Mtu hukifahamu kwa uchungu kama wa cheche ya moto, na akitazama haoni kitu ila chembe nyeusi juu ya ngozi. Kwa Kiswahili huitwa usubi.

Katika nyumba moja ya mtaa huo usubi walikuwa wengi kupita kiasi. Mwenye nyumba ni sajini meja mstaafu, aliyeitumikia kalamu ya kikosi miaka mingi kuliko bunduki, kwani alikuwa karani. Nyumba aliijenga kidogo kidogo, kwanza kwa akiba ya mshahara, kisha kwa posho ya Mogadishu, alikokwenda baada ya Burundi kuanza kupeleka askari wake Somalia mwezi Desemba 2007. Nyuma ya nyumba mna migomba, na zizi la ng'ombe mmoja wa maziwa. Mkewe huuza maziwa hayo kwa majirani, na fedha yake ndiyo inayomsomesha binti yao katika chuo kikuu.

Asubuhi moja mjukuu wa miaka minne aliamka kope zimevimba hata jicho moja halikuweza kufumbuka. Jirani aliyekuja kuchukua maziwa alimtazama mtoto, akatikisa kichwa.

"Hawa ndio usubi wanaopofusha watu," alisema. "Kwetu mtoni wazee wamepofuka kwa ajili yao. Dada yangu, mwuze huyo ng'ombe kabla hujamwuza mtoto."

Maneno hayo yalikaa nyumbani mchana kutwa. Mama alimpeleka mtoto zahanati, akapewa dawa, na jioni uvimbe ukapungua. Walakini hofu haikupungua. Alikwisha kumwendea mchinjaji mmoja kuuliza bei. Mzee naye aliketi barazani akimngoja binti. Mara nyingi alikuwa amemwambia kwamba nchi ina watu wa kutibiwa na mipaka ya kulindwa, wadudu wangoje. Yeye alitaka binti awe mwuguzi au ofisa. Binti akachagua elimu ya viumbe, na katika viumbe vyote akachagua vile visivyoonekana vizuri kwa macho.

"Haya, mwanangu," mzee alisema binti alipofika. "Leo wadudu wako wametufikia. Tumwuze ng'ombe au tusimwuze?"

JINA MOJA, WADUDU WAWILI

Binti hakujibu upesi. Aliomba siku mbili. Usiku ule alitundika taa ndogo zizini juu ya bakuli la maji yenye sabuni, na asubuhi akakuta bakuli limejaa vumbi lenye mabawa. Akalipeleka chuoni na kulitazama kwa hadubini. Aliporudi alikuwa na jibu la kwanza: jirani hakusema uongo, ila jina ndilo lililompoteza.

Kiswahili hulitumia neno usubi kwa wadudu wawili. Mmoja ni yule mweusi mwenye mgongo kama kibyongo, ambaye mabuu yake hukua katika mito iendayo kasi, yakijishikiza kwenye mawe na majani. Huyo wataalamu humwita Simulium, na ndiye abebaye mnyoo wa upofu. Burundi inamfahamu vema, na dawa ya ivermektini imegawiwa kwa miaka mingi katika sehemu zilizoathirika. Wa pili ni huyu wa zizini. Huyu ni wa jamaa nyingine, Ceratopogonidae, yenye aina zaidi ya 6,000 zinazojulikana ulimwenguni. Ukoo ulio mashuhuri katika jamaa hiyo ni Culicoides, wenye aina zaidi ya 1,300. Hana haja na mto wa kasi. Yeye hupenda tope, samadi na vitu vinavyooza. Mnyoo wa upofu haumo katika mizigo yake.

"Hana mzigo kabisa?" mama aliuliza.

"Anao, mama, ila si huo. Katika Afrika aina nyingine hubeba vinyoo vinavyoitwa Mansonella, ambavyo aghalabu hukaa mwilini bila kumsumbua mtu sana. Mjukuu wako aliumwa mara nyingi usiku mmoja, ngozi ya watoto ikakasirika. Akivimba tena arudi zahanati. Lakini hatapofuka kwa sababu ya ng'ombe wetu."

Mama akavuta pumzi. Mzee, ambaye maisha yake yote alishika majalada, hakuridhika. Alitaka kujua vipi mtu ataapa kwamba mdudu huyu ni huyu na si yule, ikiwa wote ni wadogo kama chembe ya ulezi.

ADUI ASIYE ADUI

Swali lake si dogo, kwani kumkosea adui ni kosa la zamani katika pwani na bara yetu. Mwaka 1569 jemadari Mreno, Francisco Barreto, aliondoka Lisbon na jeshi kuja Afrika ya Mashariki, akitafuta njia ya kufika kwenye dhahabu ya bara kwa kuufuata mto Zambezi. Walipopiga kambi Sena, farasi wao walianza kufa, na askari pia wakaugua. Wareno waliamini kwamba Waislamu waliokaa na kufanya biashara hapo wamewatilia farasi sumu. Wakawaua watu wengi kwa dhana hiyo. Leo wanaochunguza habari za msafara ule hutaja sababu mbili: ndorobo na malale yake, au ule ugonjwa wa farasi wa Afrika ambao hauna uhusiano na mtu yeyote, kwani huletwa na usubi. Watu walichinjwa kwa kosa la mdudu.

Ilichukua karibu miaka 400 kumpata mkosaji wa kweli. Kati ya mwaka 1854 na 1855 ugonjwa huo uliua farasi karibu 70,000 katika Rasi ya Afrika ya Kusini. Ndipo mwaka 1944 R. M. du Toit, wa kituo cha Onderstepoort, alipoonyesha kwamba usubi ndio wanaoubeba, pamoja na ugonjwa wa kondoo unaoitwa ulimi wa buluu. Mdudu wake alijulikana wakati huo kwa jina la Culicoides pallidipennis. Baadaye ilifahamika kuwa ndiye yule yule ambaye padri Jean-Jacques Kieffer alikwisha kumpa jina la Culicoides imicola mwaka 1913, kwa wadudu waliotoka Kenya. Mtuhumiwa mmoja, majalada mawili.

Na liko kosa la upande wa pili, la jalada moja kuwa na watuhumiwa wengi. Katika Afrika imicola ana ndugu kadhaa wanaofanana naye hata mtaalamu akiwa na hadubini hutazama mara mbili. Mmojawapo ni Culicoides bolitinos, aliyepewa jina lake mwaka 1989. Imicola huzaliana katika udongo wa majimaji uliochanganyika na samadi. Bolitinos huzaliana ndani ya kinyesi chenyewe cha ng'ombe na nyati. Anayetaka kumzuia mmoja kwa kukausha tope, huku mbele yake yupo wa pili, atachoka bure.

"Basi mnawatenganishaje?" mzee aliuliza.

"Zamani kwa madoa ya mabawa tu, baba. Siku hizi pia kwa maandishi ya mama zao."

ORODHA YA KARANI

Jioni ile, mama akichagua maharagwe kwenye ungo, binti aliwaeleza jambo ambalo vitabu vyake hulieleza kwa maneno magumu. Yeye alilieleza kwa kazi ya baba yake.

Ndani ya kila chembe ya mwili wa mtu, wa ng'ombe au wa usubi, mna vijiko vidogo viitwavyo mitokondria, vinavyounguza chakula na kutoa nguvu. Vijiko hivyo vina maandishi yao wenyewe ya urithi, mbali na yale makubwa yaliyo katika kiini cha chembe. Ni uzi uliofungwa kama pete, ulioandikwa kwa herufi nne tu zinazorudiwa rudiwa. Kwa binadamu pete hiyo ina herufi 16,569. Ilisomwa yote kwa mara ya kwanza Cambridge, Uingereza, mwaka 1981. Mwaka 1985 ilichapishwa ya nzi mmoja mdogo wa Afrika, Drosophila yakuba. Pete za wadudu kwa kawaida huwa na herufi 15,000 hadi 18,000 hivi, na ndani yake jeni 37, idadi ile ile iliyo ndani ya mtu.

"Sasa, baba, kumbuka orodha ya zamu," binti alisema. "Ulipokuwa ukiinakili kila mwezi, hukukosea?"

"Karani asiyekosea hajazaliwa."

"Na karani aliyepokea nakala yako akainakili?"

"Alichukua kosa langu, akaongeza lake."

Hivyo ndivyo ilivyo. Kila kizazi hunakili pete kutoka kwa kizazi kilichopita, na mara chache herufi moja hubadilika. Kosa likishaingia hurithiwa. Mtu akipewa orodha ishirini za zamu ambazo hazina tarehe, anaweza kuzipanga: zile zenye kosa moja la pamoja zimetoka katika nakala moja, zile zenye makosa matano ya pamoja ni ndugu wa karibu zaidi, ile isiyo na makosa hayo ilijitenga mapema. Hahitaji kuwaona makarani. Wataalamu hufanya hivyo hivyo kwa usubi: huzisoma pete, huzilinganisha, huchora mti wa ukoo.

Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake, huko Guelph, Canada, walipendekeza kwamba kipande kimoja tu cha pete hiyo, cha herufi 650 hivi, kitumike kama hati ya kumtambulisha kila mnyama. Kipande hicho kimewafaa sana wachunguzi wa usubi. Lakini kwa ukoo wa mbali kipande hakitoshi, yatakiwa pete nzima. Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walitoa habari za pete nzima ya Culicoides arakawae, mdudu anayewaletea kuku maradhi ya damu, wakakuta kwamba hata mpangilio wa jeni zake umehama. Ni kama karani ambaye, mbali na kukosea herufi, ameipeleka aya ya tatu mahali pa tano. Kosa la namna hiyo ni adimu kutokea mara mbili, kwa hiyo likionekana katika wadudu wawili ni dalili nzito ya undugu.

Mti unaochorwa kwa ushahidi huo, pamoja na ule wa maumbile, unamweka usubi wa zizini katika nyumba moja kubwa na mbu, na yule mweusi wa mtoni, na wale wadudu wasiouma wanaoinuka kama moshi juu ya maziwa yetu makuu. Wote ni binamu. Na ni jamaa ya kale sana: katika vipande vya utomvu uliogeuka jiwe vya Lebanoni, vyenye umri wa miaka milioni 120 na zaidi, wamekutwa usubi wa ukoo wa Leptoconops, ukoo ambao bado unaishi hadi leo. Tena si jamaa yote inayotuuma. Wanaouma ni majike tu, wanaohitaji damu kwa ajili ya mayai. Na wapo binamu zao, wa ukoo wa Forcipomyia, wanaoingia katika maua madogo ya mkakao na kuyachavusha. Bila hao, mkulima wa kakao wa Kongo au Uganda angevuna majani.

Undugu huo umekwisha kuamua kesi moja kubwa. Imicola alipotiliwa maanani katika nchi za Ulaya zilizo kando ya Bahari ya Kati, na ulimi wa buluu ukaua kondoo wengi huko, ilidhaniwa kwamba ni mgeni aliyevuka juzi kutoka Afrika kwa sababu ya joto kuongezeka. Mwaka 2015 watafiti walilinganisha maandishi ya urithi ya wadudu hao kutoka nchi nyingi, wakaona kwamba imicola alitoka Afrika kweli, lakini alifika sehemu ya magharibi ya bahari hiyo maelfu ya miaka iliyopita. Alikuwa mwenyeji, hakuwa ameonekana tu. Na virusi vya ugonjwa huo vilipozuka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani mwezi Agosti 2006, katika baridi asiyoishi imicola, wabebaji walikuwa usubi wa huko huko.

Mzee alisikiliza kwa makini. Kisha akauliza swali la askari: "Ushahidi huo wa pete hauwezi kudanganya?"

"Unaweza. Ni shahidi mmoja, naye ameona upande mmoja tu. Aina mbili zikipandana, pete ya moja huweza kuingia katika nyingine. Ndiyo maana tunasoma pia maandishi ya kiini, na kutazama mabawa. Usifunge jalada kwa shahidi mmoja."

"Upande gani huo anaouona?"

"Upande wa mama, baba. Pete hii hairithiwi kwa baba. Mama huwapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume. Lakini mwana wa kiume hawezi kuwapa wanawe."

UZI ULIPOISHIA

Ungo wa maharagwe ulinyamaza. Mzee alikuwa akiitazama mikono yake.

"Na mimi ninayo?"

"Unayo, katika kila chembe. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walionyesha kwamba pete za watu wote walio hai zinarudi kwa mama mmoja wa Afrika, yapata miaka 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa siku zake. Ila uzi wake ndio haukukatika. Wako wewe uliupata kwa bibi."

"Na wewe umeupata kwangu."

"Hapana, baba. Mimi nimeupata kwa mama."

"Kwa hiyo uzi wa mama yangu unaishia hapa." Alijigusa kifua.

"Kwako unaishia," binti alisema, na kabla hajafikiri akamalizia, "kwa shangazi unaendelea."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Katika nyumba hiyo jina la shangazi lilikuwa halitajwi.

Mama mzazi wa mzee alifariki akingali mtoto wa kubebwa. Hakuacha picha, wala mzee haikumbuki sauti yake. Aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula na kumvusha kijito kwenda shule, alikuwa dada yake mkubwa, naye wakati huo alikuwa msichana wa miaka kumi. Dada akaolewa, akazaa mabinti wawili, akafiwa na mume, akarudi kwenye kilima cha wazazi, upande wa Muramvya. Baba yao alipokufa, dada aliomba ukanda mmoja wa shamba, ule ulio karibu na kijito, apate kulima maharagwe. Mzee alikuwa ndiye mwana wa kiume pekee. Kwa desturi ya Burundi shamba la baba huwaendea wana wa kiume. Binti huhesabiwa kuwa fungu lake liko kwa mumewe. Mzee aliitaja desturi hiyo mbele ya watu. Hakukosea hata neno moja. Dada aliinuka akaenda zake, na tangu siku hiyo, miaka 11, hawakuamkiana. Dada alilima kwa kukodi kwa jirani. Ukanda wa kijitoni ukaota magugu.

"Mume wangu," mama alisema hatimaye, akiendelea kuchagua maharagwe, "desturi inasema binti asidai. Sikupata kusikia inayosema kaka asitoe."

Binti aliona amefungua mlango asiokusudia kuufungua, akataka kuufunga. Alisema kwamba uzi huu si hati ya shamba, na kwamba sehemu kubwa mno ya maandishi ya urithi ya mtu hutoka kwa baba na mama kwa usawa. Pete ni kipande kidogo tu, wala haimfanyi shangazi kuwa na haki zaidi ya aliyokuwa nayo jana.

"Najua," mzee alijibu. "Haki aliyokuwa nayo jana inatosha."

KAZI YA JUMA LILE

Siku zilizofuata mzee aliishughulikia nyumba kama ilivyokuwa kambi. Ng'ombe hakuuzwa. Samadi iliyokuwa ikirundikwa kando ya zizi ilianza kuondolewa kila siku, ikaanikwa juani mbali na nyumba, kabla mabuu hayajakomaa ndani yake. Mfereji ukachimbwa ili mkojo na maji ya kuoshea zizi yasituame. Mashina ya migomba yaliyokatwa na kuachwa yaoze, ambayo aina fulani za usubi wa Afrika hupenda kuzaliana ndani yake, yakakatwakatwa na kuanikwa. Chandarua cha mtoto kikabadilishwa, kwani matundu ya chandarua cha kawaida humzuia mbu lakini usubi hupita. Mama akashona kingine kwa kitambaa chepesi chenye matundu madogo zaidi. Nguo ndefu zikawa amri kuanzia saa kumi na mbili jioni. Na kwa kuwa usubi huruka kwa unyonge, ingawa binamu zake wengine hupiga mabawa zaidi ya mara 1,000 kwa nukta moja, feni ndogo iliwekwa karibu na kitanda. Upepo wake tu ulitosha kumpotezea njia.

Usubi hawakwisha, nao hawaishi mahali penye ng'ombe na mvua. Lakini bakuli la taa, ambalo binti aliendelea kulitega kila Ijumaa na kuhesabu waliomo, lilipungua juma kwa juma. Mzee ndiye aliyeziandika hesabu hizo kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa ofisini, na siku moja mama alimsikia akimweleza jirani tofauti ya usubi wa mtoni na wa zizini, kwa sauti ya mtu ambaye hakupata kusema kwamba wadudu wangoje.

Jumamosi ya nne, baada ya kazi za pamoja za asubuhi, alivaa koti lake, akanunua ndagala wakavu kilo mbili, akapanda gari la kwenda mlimani. Barabara hupanda kwa mizunguko hadi Bugarama, penye baridi na wauza mboga, kisha njia ya Muramvya hugeuka kuelekea mashariki. Alimkuta dada yake shambani kwa watu, amejifunga kanga kiunoni, nywele zimekuwa nyeupe. Binti yake mkubwa alikuwa pembeni yake, na mgongoni mwa binti huyo kulikuwa na mtoto wa kike aliyelala.

Dada alimtazama kwa muda mrefu, jembe mkononi.

"Mdogo wangu," alisema, "umekuja kwa msiba gani?"

"Hakuna msiba, dada. Nimekuja kukuamkia."

Hakuomba radhi kwa maneno mengi, kwani hakuyajua. Alimchukua mtoto aliyelala kutoka mgongoni mwa mpwa wake, akamtazama usoni, akamrudisha. Kisha waliitwa wazee wa kilima, wale bashingantahe, na majirani wa mipaka yote miwili. Ukanda wa kijitoni ulipimwa kwa hatua, vigingi vinne vya mkaratusi vikapigwa, na magugu yakaanza kung'olewa siku ile ile.

Hati aliiandika mwenyewe, juu ya goti lake, nakala mbili: moja ya dada na moja yake. Ilitaja jina la dada, na baada yake mabinti zake. Wazee walipokwisha kutia sahihi na alama za vidole, walitaka kuondoka, kwani giza lilikuwa likiingia. Lakini mzee aliwaomba wangoje. Aliziweka karatasi mbili sambamba, akaanza kuzisoma herufi kwa herufi, kidole juu ya hii na kidole juu ya ile, asije akaacha kosa la kurithiwa.